Lorraine Wright: Profesa wa uuguzi aliyeiingiza familia katika tiba

WAHENGA walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni bayana: mwenye shida hahojiwi iwapo anataka msaada, hupewa. Hekima hiyo ina mahali pake, hususan pale ambapo mtu hana nguvu hata za kufumbua kinywa. Hata hivyo, Profesa Lorraine Wright wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada aliijenga taaluma yake yote juu ya msimamo ulio kinyume na huo. Kwake yeye, mgonjwa sharti aulizwe, na wala si yeye pekee. Aulizwe mumewe au mkewe, waulizwe wanawe, na aulizwe yeyote yule ambaye mgonjwa mwenyewe anamhesabu kuwa wake.

Msimamo huo ulimweka miongoni mwa waasisi wa tawi la uuguzi linaloishughulikia familia nzima wakati mmoja wao anapougua. Vitabu alivyoandika pamoja na wenzake vimefasiriwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kifaransa, Kijapani, Kijerumani na Kireno. Mifumo iliyobuniwa Calgary inafundishwa katika vyuo vya uuguzi mbali sana na mkoa wa Alberta ilikozaliwa. Makala haya yanaangazia safari ya msomi huyo, aliyoyafundisha na yale ambayo wakosoaji wameyatilia shaka.

Muuguzi aliyesomea tiba ya familia

Wright alikuwa muuguzi kwanza. Baadaye alijiendeleza hadi akapata shahada ya uzamifu katika tiba ya ndoa na familia kutoka Chuo Kikuu cha Brigham Young kilichoko Utah, Marekani. Mchanganyiko huo wa taaluma mbili haukuwa wa kawaida, na ndio uliozaa kazi yake yote.

Tiba ya familia ilichipuka Marekani katika miaka ya 1950. Baadhi ya madaktari wa maradhi ya akili walianza kumwona mgonjwa akiwa pamoja na jamaa zake badala ya kumtenga nao. Waling'amua kwamba mienendo ya mtu mmoja nyumbani imesukwa pamoja na ya wengine kama miyaa ya mkeka. Ukiuvuta mmoja, mingine nayo hujikunja. Lakini taaluma hiyo ilijifunga zaidi na maradhi ya akili, ukaidi wa vijana na migogoro ya ndoa. Mtu mwenye saratani, kisukari au ugonjwa wa moyo hakuwa mteja wake. Huyo aliachiwa madaktari na wauguzi, ambao walikuwa wamefunzwa kuutazama mwili uliolazwa kitandani.

Aidha, katika hospitali nyingi za Magharibi jamaa walihesabiwa kuwa wageni wa saa moja au mbili, na wakati mwingine kero. Nchini Uingereza ilibidi kamati ya kiserikali, katika ripoti ya Platt ya mwaka wa 1959, ipendekeze kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao waliolazwa bila ya kubanwa na saa. Kwamba jambo kama hilo lilihitaji ripoti ni ushahidi wa jinsi ukuta ulivyokuwa mrefu kati ya wodi na nyumbani.

Hoja ya Wright ilikuwa kwamba ukuta huo hauna msingi. Ugonjwa mzito, alisisitiza katika maandishi na mihadhara yake, haumwingii mtu mmoja; huwaingia wote walio karibu naye. Baba akipatwa na kiharusi, mama hubadilika kuwa mlezi wa mchana na usiku, kifungua mimba huanza kubeba jukumu la kipato, na mtoto wa mwisho hujifunza kunyamaza. Muuguzi anayemshughulikia baba pekee huwa ameona robo tu ya ugonjwa.

Kitengo cha mwaka wa 1982

Mnamo 1982, Kitivo cha Uuguzi cha Chuo Kikuu cha Calgary kilianzisha Kitengo cha Uuguzi wa Familia. Wright ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake tangu mwanzo, na alishikilia wadhifa huo kwa muda wa miaka 20, hadi 2002.

Kitengo hicho kilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja kilikuwa mahali pa matibabu, ambapo familia zilizoelemewa na maradhi sugu, maradhi ya kutishia maisha au matatizo ya kisaikolojia zilifika kusaidiwa. Kwa upande mwingine kilikuwa darasa la wanafunzi wa uzamili na uzamifu, na pia maabara ya utafiti. Mambo hayo matatu yalifanyika katika chumba kimoja na kwa wakati mmoja, jambo ambalo lilikuwa geni katika elimu ya uuguzi.

Miongoni mwa wenzake wa karibu walikuwemo Profesa Janice Bell na Wendy Watson, ambao aliandika nao kitabu Beliefs kilichochapishwa mwaka wa 1996. Nje ya kitengo, mshirika wake mkuu alikuwa Dkt Maureen Leahey, muuguzi na mwanasaikolojia wa mji uo huo wa Calgary. Wawili hao waliandika kitabu Nurses and Families, yaani Wauguzi na Familia, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1984. Mnamo 1987 walihariri vitabu vitatu kwa mpigo: kimoja kuhusu familia na maradhi ya kutishia maisha, cha pili kuhusu maradhi sugu, na cha tatu kuhusu matatizo ya kisaikolojia na kijamii.

Nyuma ya kioo

Katikati ya kazi ya kitengo hicho palikuwa na kioo. Chumba cha mahojiano kiligawanywa na kioo ambacho waliokaa upande wa pili waliweza kuona na kusikia kila kitu bila ya wao kuonekana. Familia iliketi na muuguzi mmoja. Wahadhiri na wanafunzi wengine walifuatilia nyuma ya kioo. Hapakuwa na hila yoyote, kwani familia iliarifiwa kwamba kuna kikundi nyuma na ikatoa idhini. Katikati ya mazungumzo, simu ingeweza kulia chumbani na muuguzi akapewa swali au wazo kutoka kwa wenzake.

Utaratibu huo ulitoka katika tiba ya familia, ambako ulikuwa umezoeleka. Katika uuguzi ulileta mageuzi. Mwanafunzi hakuja tena kwa mwalimu na daftari akisimulia alichofanya juma lililopita. Alifanya kazi mbele ya macho ya mwalimu, na akasahihishwa palepale. Mwalimu naye hakujificha nyuma ya nadharia. Wright na wenzake walizihoji familia wao wenyewe huku wanafunzi wakiwatazama, na makosa yao yakaonekana pia.

Baadaye kitengo kilitumia mbinu iliyoasisiwa na daktari wa maradhi ya akili kutoka Norway, Tom Andersen, na kuchapishwa mwaka wa 1987. Katika mbinu hiyo pande hubadilishana. Familia huketi na kuwasikiliza wataalamu wakijadiliana waziwazi kuhusu waliyoyaona na yaliyowagusa, kisha familia hupewa nafasi ya kusema ni lipi lililowafaa. Mgonjwa aliyezoea kuona madaktari wakinong'onezana mlangoni hupata kusikia kila neno linalosemwa juu yake.

Vilevile kitengo kiliwaandikia watu barua. Baada ya kikao, au mwishoni mwa vikao vyote, familia ilitumiwa waraka ulioeleza yale ambayo wauguzi wamejifunza kutoka kwao, nguvu walizoziona, na pengine swali la kutafakari. Maneno ya mdomoni husahaulika, hasa na mtu mwenye hofu. Barua hukaa kabatini na kusomwa tena.

Ramani ya familia

Mchango ulioenea zaidi wa Wright na Leahey ni mfumo wa kuitathmini familia unaojulikana kwa kifupi kama CFAM. Haukuota kama uyoga. Ulijengwa juu ya kazi ya awali ya Karl Tomm, daktari wa maradhi ya akili aliyeongoza mafunzo ya tiba ya familia katika Chuo Kikuu cha Calgary, na mwenzake Sanders. Wright na Leahey waliurekebisha ili umfae muuguzi, awe wodini, katika zahanati au anapowazuru wagonjwa majumbani.

Mfumo huo humwelekeza muuguzi kuitazama familia kwa njia tatu. Ya kwanza ni muundo: ni akina nani waliomo, nani anafuata nani kwa kuzaliwa, ukoo mpana uko wapi, na familia inaishi katika mazingira gani ya kabila, tabaka na dini. Ya pili ni hatua ya maisha iliyofikiwa, kwani maradhi yanayowakuta wanandoa wachanga si sawa na yanayowakuta wazee ambao watoto wameshaondoka. Ya tatu ni utendaji: nani hupika, nani humpa mgonjwa dawa, nani huamua, nani huzungumza na nani, na nani hazungumzi na nani.

Zana mbili huambatana na mfumo huo. Moja ni mchoro wa ukoo, ambao kwa alama chache huonyesha vizazi, ndoa, vifo na maradhi. Nyingine ni ramani ya mahusiano, inayoonyesha jinsi familia inavyofungamana na watu na taasisi za nje kama vile shule, kazi, hospitali na mahali pa ibada. Mchoro huo huandaliwa pamoja na familia yenyewe, na mara nyingi jambo lililofichika huibuka kalamu inapofikia jina fulani.

La muhimu zaidi ni jinsi walivyofafanua familia. Hawakuifunga kwa damu, cheti cha ndoa wala paa moja. Familia, kwao, ni wale ambao wahusika wenyewe wanasema ni familia. Msomaji wa Kenya, ambako shangazi, jirani na mwenye kulelewa huweza kuketi kitandani pa mgonjwa kwa haki sawa na mtoto wa kuzaa, hatauona ufafanuzi huo kuwa mgeni. Katika hospitali zilizozoea kutambua mke, mume na mzazi pekee, ulikuwa wa kijasiri.

Mfumo wa pili, CFIM, uliingizwa katika toleo la 1994 la kitabu chao. Huo unahusu kusaidia, si kutathmini tu. Unamtaka muuguzi ajiulize iwapo msaada wake unalenga fikra za familia, hisia zao au matendo yao, na iwapo alichotoa kinawaingia kweli.

Swali kama dawa

Hapa ndipo palipo kiini cha mafunzo ya Wright. Wataalamu wa Milan nchini Italia, wakiongozwa na Mara Selvini Palazzoli, walikuwa wamechapisha mnamo 1980 makala kuhusu namna ya kuuliza maswali ya mzunguko. Karl Tomm aliyaendeleza mawazo hayo jijini Calgary kwa kuonyesha kwamba swali lenyewe laweza kuwa tiba. Wright aliyapeleka kwa wauguzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mke analalamika kwamba mumewe mwenye kisukari hafuati masharti ya chakula. Mume anakasirika na kula kwa siri. Mke akigundua, analalama zaidi. Mume naye anajificha zaidi. Swali la kawaida ni nani mwenye makosa, na jibu lake huzidisha ugomvi. Swali la mzunguko ni tofauti. Muuguzi humuuliza binti ni nani anayeogopa zaidi sukari ya baba inapopanda, na baba hufanya nini anapoona hofu hiyo. Kwa mara ya kwanza, huenda mume akasikia kwamba kilichodhaniwa kuwa makaripio ni woga wa kufiwa. Hakuna aliyeshauriwa lolote, ilhali jambo limebadilika.

Wright alipenda pia swali moja ambalo yeye na wenzake waliliandikia makala mnamo 2009. Mgonjwa au jamaa yake huombwa ataje swali moja tu ambalo angetaka lijibiwe katika muda watakaokuwa pamoja na muuguzi. Swali hilo huwashangaza wauguzi, kwa sababu aghalabu jibu huwa si lile walilolitarajia. Mtaalamu aliyejiandaa kueleza vipimo hukuta kwamba mama anachotaka kujua ni iwapo yeye ndiye aliyeusababisha ugonjwa wa mwanawe.

Mwanafalsafa aliyemwathiri sana alikuwa Humberto Maturana, mwanabayolojia wa Chile aliyefariki mwaka wa 2021. Maturana alishikilia kwamba kiumbe hai habadiliki kwa kuamriwa kutoka nje. Hubadilika kwa kadiri ya maumbile na historia yake mwenyewe. Mnamo 1992, Wright na Anna Marie Levac walichapisha makala yaliyotumia hoja hiyo kudai kwamba hakuna familia isiyofuata masharti ya matibabu. Iliyopo ni familia ambayo ushauri iliopewa haukuafikiana nayo. Kauli hiyo ilihamisha mzigo. Muuguzi aliyezoea kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mkaidi alitakiwa ajiulize kwanza alichomwambia, na alivyomwambia.

Imani zinazofunga na zinazofungua

Katika kitabu cha 1996, na baadaye katika Beliefs and Illness alichoandika na Bell mwaka wa 2009, Wright alielekeza macho kwenye imani. Neno hilo hapa halimaanishi dini pekee. Ni yale yote ambayo mtu anayashika kuwa kweli kuhusu chanzo cha ugonjwa wake, hatima yake, anayeweza kumponya, na wajibu wa jamaa.

Imani nyingine hufungua njia na nyingine huifunga. Mjane anayeamini kwamba angalimpeleka mumewe hospitalini mapema angalipona, hufungwa na imani hiyo hata kama madaktari wanajua isingewezekana. Kijana anayeamini kwamba kulia mbele ya baba mgonjwa ni kumvunja moyo, humkosesha baba huyo nafasi ya kuagana naye. Kazi ya muuguzi si kuzipinga imani hizo kama wakili mahakamani, bali kuzidadisi kwa upole hadi mwenyewe aone kwamba kuna njia nyingine ya kuitazama hali ileile. Muuguzi naye ana imani zake, na Wright alimtaka azijue kabla ya kuzigusa za wengine.

Swala hilo lilimgusa yeye binafsi. Mamake mzazi aliugua MS, maradhi yanayoharibu utando unaoikinga mishipa ya fahamu na kumnyima mtu uwezo wa viungo vyake kidogo kidogo. Wright aliandika kuhusu mateso ya mamake na nafasi yake kama binti. Bingwa wa familia za wagonjwa alikaa upande wa pili wa kitanda, akisubiri kuona iwapo wauguzi wangemuuliza lolote.

Mwaka wa 2005 alichapisha kitabu kuhusu masuala ya kiroho, mateso na ugonjwa, na kurejelea mada hiyo katika kitabu kingine mwaka wa 2017. Humo alieleza kwamba mateso, imani na mambo ya kiroho ni mafiga matatu: ukigusa moja, umeyagusa yote. Mgonjwa anapouliza kwa nini yamemfika, hatafuti maelezo ya chembechembe za damu. Muuguzi hana jibu la swali hilo, lakini hana ruhusa ya kulikimbia. Anachoweza ni kukaa, kusikiliza na kukiri kwamba mateso hayo yapo.

Dakika 15

Tangu mwanzo wauguzi walitoa pingamizi moja: hatuna muda. Wodi imejaa, wauguzi ni wachache, na mazungumzo marefu ni anasa ya chuo kikuu. Wright na Leahey hawakulipuuza lalamiko hilo. Mnamo 1999 walichapisha makala kuhusu mahojiano ya familia ya dakika 15 au pungufu, ambayo yamekuwa miongoni mwa maandishi yao yanayotumiwa zaidi.

Mahojiano hayo yana nguzo tano. Ya kwanza ni adabu: muuguzi ajitambulishe kwa jina, amwite mgonjwa kwa jina lake, na aeleze anachokuja kufanya. Ya pili ni mazungumzo yenye kusudi, hata yakiwa ya dakika chache wakati wa kufunga kidonda. Ya tatu ni mchoro mfupi wa ukoo. Ya nne ni maswali machache ya maana, kama vile ni nani katika familia anayeteseka zaidi, ni nani angependa aelezwe habari za ugonjwa na nani asielezwe, na ni lipi lililowasaidia au kuwaudhi walipolazwa hapo awali. Ya tano ni pongezi: kuitajia familia nguvu ambayo muuguzi ameiona kwa macho yake.

Pongezi zilipewa uzito mkubwa. Familia nyingi zinazouguza kwa muda mrefu hazijawahi kuambiwa na mtaalamu kwamba zinafanya vyema. Huambiwa tu walichokosea. Mnamo 2005 waandishi hao walitaja pia makosa matatu yanayofanywa sana na wauguzi: kutoandaa mazingira ya mabadiliko, kuegemea upande mmoja wa familia, na kutoa ushauri mwingi mapema mno.

Lawama na mipaka

Mafunzo hayo hayakukosa wakosoaji. Kwanza ni suala la muda lenyewe. Dakika 15 kwa kila familia ni saa nyingi kwa muuguzi mwenye wagonjwa wengi, na mafunzo mazuri hayazibi pengo la uhaba wa wafanyakazi.

Pili, tangu miaka ya 1980 watetezi wa haki za wanawake waliishutumu tiba ya familia kwa jumla kwa kuyaona matatizo kama mduara ambao kila mtu ana sehemu yake. Penye kipigo, walisema, hakuna mduara. Kuna anayepiga na anayepigwa. Kutoegemea upande wowote katika hali hiyo ni kumwacha mnyonge.

Tatu, sehemu kubwa ya utafiti wa awali ilitegemea masimulizi ya familia chache zilizochunguzwa kwa kina. Utafiti wa namna hiyo hueleza vyema kinachotokea baina ya watu, ila haumshawishi kwa urahisi msimamizi wa hospitali anayetaka takwimu kabla ya kutoa pesa.

Nne ni suala la utamaduni. Kumuuliza mkaza mwana maoni yake mbele ya baba mkwe, au mtoto mbele ya wazee, si jambo jepesi kila mahali. Mfumo wa Calgary unamtaka muuguzi azingatie kabila, dini na mamlaka ndani ya familia, lakini haumwambii afanye nini pale ambapo heshima yenyewe ndiyo inayowanyamazisha watu. Hilo limeachiwa busara ya muuguzi na wasomi wa kila nchi.

Kufungwa kwa kitengo na urithi wake

Wright aliacha ukurugenzi mwaka wa 2002 akiwa na hadhi ya profesa mstaafu, na akaendelea kuandika na kutoa mihadhara katika nchi mbalimbali. Janice Bell alichukua usukani hadi 2007, mwaka ambao Kitengo cha Uuguzi wa Familia kilifungwa baada ya kudumu kwa robo karne.

Kufungwa kwa chumba hakukuifunga kazi. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uuguzi wa familia ulikuwa umefanyika Calgary mnamo 1988, na mingine ikafuata katika mabara tofauti, ukiwemo ule wa Gaborone, Botswana, mwaka wa 2003. Jarida la kitaaluma la uwanja huo, Journal of Family Nursing, lilianza mwaka wa 1995 chini ya uhariri wa Bell, na chama cha kimataifa cha wauguzi wa familia kikaundwa mwaka wa 2009. Nchini Iceland, hospitali kuu ya Landspitali ilianza mwaka wa 2007 kuwafunza wauguzi wake mifumo ya Calgary idara baada ya idara, kazi iliyoongozwa na Profesa Erla Kolbrun Svavarsdottir. Hivyo, mwaka uleule ambao mlango wa Calgary ulifungwa, hospitali nzima ng'ambo ya bahari ilikuwa ikiufungua wake.

Kitabu Nurses and Families nacho kilirejelewa mara kwa mara. Toleo la sita la Wright na Leahey lilitoka mwaka wa 2013. Toleo la saba, la mwaka wa 2019, liliandikwa na Zahra Shajani na Diana Snell, wauguzi wa kizazi kilichofuata. Miaka 35 baada ya toleo la kwanza, kazi iliyoanzishwa na wanawake wawili wa Calgary ilikuwa imepata warithi wa kuiendeleza.